Re: Kufuta nyaya za umeme kwenye picha ya gazeti ni kosa?

Mkuu umeuliza ukipiga picha ya mafuriko halafu ukafuta nguzo na nyaya kwa AI kabla ya kuituma gazetini kama ni kosa, ni kosa tena kubwa. Kukata kingo, kuongeza mwanga kidogo, kunyoosha picha iliyopinda, hizo poa. Ila kitu kilichokuwepo usikifute.

Kuna jamaa anaitwa Narciso Contreras, alikuwa kwenye timu ya AP (shirika la habari la Marekani) iliyochukua tuzo ya uandishi ya Pulitzer 2013 kwa picha za vita vya Syria, akafuta kamera ya video ya mwenzake iliyotokeza kwenye kona, kona tu yani! Januari 2014 AP wakaachana naye. Na ile picha ya Kate, mke wa Prince William wa Uingereza, na wanawe Machi 2024, ilihaririwa mpaka mkono wa sweta ya binti haukuungana vizuri, mashirika ya habari AP, AFP na Reuters wote wakaiondoa.

Mimi hapa Moshi maharusi wakitaka Kilimanjaro nyuma bila nyaya nafuta fresh tu, hela yao. Shida ni mazoea. Kuna siku nilimtumia mhariri picha ya soko la Mbuyuni, mfuko wa rambo uliokuwa miguuni kwa mama wa ndizi nilishaufuta nikasahau kabisa, akaniambia nitumie na faili ya RAW, yani ile ghafi ya kamera kabla ya kuhaririwa, aisee nilitoka jasho. Sasa hivi za harusi na za habari naweka memori kadi tofauti, na za habari siformati mpaka picha itoke.