Bogoria Bila Kupanga: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Safari ya Wikendi

Mwezi huu tumepokea maswali mengi kuhusu Ziwa Bogoria na chemchemi zake za maji moto. Wengi walioandika hawakuwa na mpango wowote: wazo limeingia Ijumaa, safari ni Jumamosi. Inawezekana kabisa. Tumewajibu hapa, na pale ambapo haraka inaweza kumgharimu mtu gari au ngozi tumekawia kidogo.

Tuko wanne, tumekubaliana kazini leo kwamba kesho twende Bogoria. Gari ni Vitz. Je, litafika, na tuondoke saa ngapi?
*Msomaji wa Kiamunyi, Nakuru*

Litafika. Kutoka Nakuru mjini hadi lango la Loboi ni kama kilomita 115, na ni lami. Mnapita Kabarak, mnafika Mogotio ambapo mnavuka Ikweta, kisha mnateremka taratibu kuelekea Marigat. Msiingie Marigat mjini. Kilomita chache kabla ya mji kuna njia ya kukata kulia kwenda Loboi, na ukiipita utajikuta unaulizia njia katikati ya stendi ya matatu. Kwenda na kurudi, pamoja na mizunguko ya ndani, hesabuni kilomita 250. Kwa gari dogo, lita 20 za petroli zinatosha na kubaki. Jazeni Nakuru.

Ondokeni saa kumi na moja alfajiri. Chemchemi za Bogoria huonekana vizuri hewa ikiwa bado baridi, kwa kuwa mvuke unaotoka ardhini hugeuka wingu jeupe unapokutana na ubaridi. Kufikia saa tano jua limekwisha kuchoma, hewa imekauka, na mvuke uleule hupotea kabla macho hayajauona. Watu hufika saa saba mchana, wakaona maji yanachemka kidogo tu, wakarudi wakilalamika kwamba picha za mtandaoni ni za uongo. Si za uongo, zilipigwa asubuhi.

Jambo moja la kujua mapema: hifadhi hii iko chini ya serikali ya kaunti ya Baringo. Tiketi ya mbuga ya Ziwa Nakuru haitumiki hapa.

Mwaka jana gari letu la abiria saba lilichemka tukirudi kutoka Marigat, na asubuhi lilikwenda bila shida yoyote. Kwa nini, na tufanye nini safari hii?
*Msomaji wa Lanet, Nakuru*

Asubuhi mlikuwa mnateremka. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Bogoria iko karibu mita 1,000. Wakati wa kwenda, injini imepumzika na hewa ni baridi. Wakati wa kurudi mnapanda mita 850, jua ni la Baringo, watu saba ndani, na kiyoyozi kinafanya kazi. Rejeta yenye kasoro ndogo hujificha Nakuru mwaka mzima ikaja kujitaja hapo.

Ijumaa jioni, injini ikiwa imepoa kabisa, fungua kifuniko cha rejeta na ukitazame chini yake. Mpira wake ukiwa mgumu au umepasuka, kinunue kingine. Ni spea ya bei ndogo, na ndiyo tungeanza nayo kabla ya kumwita fundi yeyote. Kifuniko hicho hubana presha, na presha ndiyo inayofanya maji ya rejeta yasichemke hata yakipita nyuzi 100. Kikivuja, maji huanza kuchemka mapema, yakamwagika, yakapungua, na injini ikaachwa kavu. Kisha tazama rangi ya maji yenyewe. Yakiwa ya kahawia, ni kutu: mmekuwa mkiongeza maji ya bomba badala ya kulanti, kile kimiminika maalumu cha rejeta. Mwisho, washa injini na kiyoyozi gari likiwa limesimama, usikilize kama feni inazunguka.

Ulizeni pia kama thamostati, ile vali ndogo inayoongoza maji kati ya injini na rejeta, bado ipo. Mafundi wengi huitoa gari likichemka mara ya kwanza, kwa imani kwamba sasa maji yatapita bila kizuizi. Kwenye injini nyingi thamostati ndiyo inayoziba njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji hurudi injini moja kwa moja bila kupita kwenye rejeta, na mlimani gari huchemka zaidi kuliko awali.

Sindano ya kipimo cha joto ikianza kupanda, zima kiyoyozi na uwashe hita kwa nguvu yote, madirisha yakiwa wazi. Mtateseka, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Isiposhuka, egesheni mzime. Msifungue kifuniko. Subirini dakika 30 hadi 45, kisha bonyeza bomba la juu la rejeta kwa kitambaa: likiwa bado gumu kama tairi, kuna presha ndani, endeleeni kusubiri. Likilegea, fungua kifuniko polepole, washa injini, na uongeze maji kidogo kidogo. Maji baridi mengi kwa mkupuo kwenye injini moto hupasua silinda hedi (kichwa cha injini), na hiyo ni gharama nyingine kabisa.

Bebeni mtungi wa lita 20 wa maji safi. Mtungi huo tutautaja tena kwenye jibu jingine hapa chini.

Natoka Eldoret kupitia Iten na Kabarnet. Nimeambiwa breki hunuka kwenye mteremko. Ni kweli?
*Msomaji wa Eldoret*

Ni kweli, na ni mara mbili. Kutoka Iten unateremka ukingo wa Elgeyo hadi bonde la Kerio, zaidi ya mita 1,000 kwenda chini. Unapanda tena hadi Kabarnet kwenye milima ya Tugen, halafu unateremka upya hadi Marigat. Huenda ndiyo barabara yenye mandhari bora kuliko zote za eneo hili, na tungeichagua kila mara, lakini kwa gia.

Kanuni ya madereva wa malori ndiyo hiyohiyo: teremka kwa gia ambayo ungepandia. Gari la manyuali, gia ya pili au ya tatu. La otomatiki, toa kwenye D uweke 2, L au S, kulingana na lako. Injini itanguruma, iache ingurume. Breki ziguse kwa nguvu kidogo na muda mfupi, kisha uachilie zipate hewa. Kinachozichoma ni mguu unaokaa juu ya pedali kilomita nzima.

Ukisikia harufu, simama mahali pa tambarare, weka jiwe nyuma ya tairi, subiri nusu saa. Usimwage maji kwenye diski, zitapinda. Na kama pedali inakuwa laini na kuzama, hilo si suala la pedi, ni oili ya breki iliyozeeka. Oili hiyo hufyonza unyevu hewani mwaka baada ya mwaka, na ikipata joto la mteremko unyevu huo huwa mvuke. Mvuke hubonyea, hausukumi breki. Ibadilishwe kila miaka miwili.

Watoto wangu wanataka kuchemsha mayai kwenye chemchemi. Ni salama? Yanaiva kwa muda gani?
*Mama wa watoto watatu, Njoro*

Mama, mayai yanaiva vizuri. Hatari iko kwenye ardhi unayokanyaga ukienda kuyaweka.

Chini ya Bogoria maji ya mvua hushuka kupitia nyufa za Bonde la Ufa hadi yakakutana na miamba moto. Uzito wa maji yaliyo juu huyazuia yasichemke hata yakiwa moto kupita kiasi. Yakipata upenyo wa kupanda, presha hupungua ghafla, sehemu yake hugeuka mvuke, na mvuke ukayarusha juu. Mengine hayarukii angani. Hutambaa chini ya ganda jembamba la chumvi na tope ambalo kwa macho ni ardhi ya kawaida, nyeupe au ya rangi ya kutu. Mtoto wa kilo 20 anaweza kusimama hapo bila tatizo, kisha baba yake wa kilo 80 akamfuata na mguu ukazama.

Kwa hiyo fuateni alama za miguu zilizokwisha kukanyagwa. Ardhi ikiwa na unyevu unaong'aa, ikitoa mvuke mwembamba, au ikilia kama ngoma mtu akipita, rudini nyuma. Mchukue mwongozaji wa pale. Wengi ni Waendorois, ambao ziwa hili ni makao ya mababu zao na mahali pa ibada. Waliondolewa hapa miaka ya 1970, na uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, uliotangazwa mwaka 2010, ulisema haki zao zilikiukwa. Wanajua ni tundu lipi limehama tangu mvua iliyopita.

Sasa mayai. Tumieni mfuko wa neti ule wa vitunguu, ufungwe kwa kamba ya katani kwenye fimbo ya urefu wa mita moja na nusu au zaidi. Msibebe plastiki za kutupa: tangu tarehe 5 Juni 2020 zimepigwa marufuku katika maeneo yote ya hifadhi nchini. Chagueni kidimbwi ambacho maji yanabubujika, si kijito kinachotiririka kutoka humo, kwa kuwa hatua chache tu chini maji yamekwisha kupoa na mayai yatabaki hayajaiva. Mtu mzima ndiye ashike fimbo, akisimama upande upepo unakotokea, maana mvuke ukimgeukia usoni atarudi nyuma bila kutazama. Mayai yaliyokaa nje ya friji huiva hadi kiini kikauke kwa dakika 10 hadi 12. Kwa urefu huu juu ya bahari maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Nakuru huchemka karibu na 94, kwa hiyo msishangae yakiiva mapema kuliko jikoni kwenu. Yasuuzeni kwa maji safi kabla ya kumenya, na maganda mrudi nayo.

Msipike kitu kingine, iwe mahindi au ndizi, wala msionje maji. Yana magadi na floridi nyingi sana, ile inayotia meno rangi ya kahawia katika Bonde la Ufa.

Mtu akiungua, ndipo mtungi wa lita 20 unapofanya kazi: mwagieni maji safi yenye ubaridi wa kawaida polepole kwa dakika 20, vueni pete na viatu kabla hajavimba, mfunikeni kwa kitambaa safi, mwende hospitali Marigat. Dawa ya meno, siagi na maji ya ziwa visiguse kidonda.

Heroe wako wapi siku hizi? Nakuru hatuwaoni kama zamani.
*Msomaji wa Section 58, Nakuru*

Heroe mdogo, huyu tunayemwita flamingo, hula mwani mdogo sana unaomea kwenye maji ya magadi. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda, na Ziwa Nakuru likachanganyika na maji mengi matamu. Magadi yakapungua nguvu, mwani ukapungua, ndege wakafuata chakula. Bogoria lina kingo za mwinuko na kina kirefu zaidi, kwa hiyo limebaki na ukali wake, ingawa nalo limepanda hadi likameza baadhi ya chemchemi na sehemu za barabara ya kando ya ziwa. Hawakai mahali pamoja. Pigieni hifadhi simu Ijumaa muulize mambo mawili: heroe wako upande gani, na barabara inapitika hadi wapi. Mayai yao msiyatafute, heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzalia Ziwa Natron, Tanzania.

Kisumu hadi Bogoria kwa wikendi moja, si mbali mno?
*Msomaji wa Milimani, Kisumu*

Ni kama kilomita 300 kupitia Kericho na Nakuru, saa sita au zaidi. Kwa siku moja, hapana: nendeni Kit Mikayi, barabara ya Bondo, mrudi kula samaki Kisumu. Kwa siku mbili, ondokeni Ijumaa baada ya kazi mlale Nakuru. Jumamosi alfajiri Bogoria, adhuhuri nyama ya mbuzi Marigat, usiku Kampi ya Samaki kando ya Ziwa Baringo, kilomita 20 hivi kaskazini. Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi pandeni boti. Elewaneni bei ya boti nzima, si ya kila kichwa, na kila mtu avae jaketi la kuokolea. Ziwa lina mamba na viboko, kwa hiyo hakuna kuogelea, na usiku msitembee ufukweni. Saa nne muwe njiani.

Kuna lolote la kuogopa barabarani?
*Msomaji wa Kericho*

Mawili. Baadhi ya sehemu za Baringo zimekuwa na wizi wa mifugo na mashambulizi. Siku moja kabla, ulizeni hoteli au hifadhi hali ikoje, kaeni kwenye lami kuu, na muwe mmetoka kabla ya giza. Giza lenyewe pia lina mbuzi na ng'ombe waliolala barabarani.

La pili ni mathenge, kile kichaka cha miiba kilichoenea kote Marigat. Mwiba wake hupenya tairi la gari. Msiegeshe chini yake hata kivuli kikiwatamanisha, na kagueni tairi la akiba lina upepo kabla ya kuondoka. Mkikuta mwiba umeingia na tairi bado gumu, msiung'oe. Mara nyingi wenyewe ndio unaoziba tundu, na unaweza kuwafikisha kwa fundi wa pancha Marigat.