Kunyoosha uti wa mgongo hakuponyi pumu
Dada, umeuliza kama osteopathi, yaani tiba ya kunyoosha na kukanda mgongo na viungo kwa mikono, inaponya pumu. Hapana, kwa pumu ushahidi hautoshi, kwa hiyo pampu yako ya dawa usiitupe hata kama huyo bwana wa Kinondoni anayeifanya kakuahidi kupona. Penye utafiti wa maana kuhusu osteopathi ni maumivu ya kiuno, na hata hapo nafuu ni ya wastani, inakaribiana na ya mazoezi. Mwongozo wa 2016 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unaruhusu tiba ya mikono kwa kiuno, ila iambatane na mazoezi. Osteopathi ile ya kushikashika fuvu la mtoto ndiyo yenye ushahidi dhaifu kabisa. Nafanya fiziotherapia, viuno nashika kila siku. Mgongo ukiuma halafu mkojo ukawa hauzuiliki, usikandwe na mtu, wahi hospitali siku hiyo hiyo.