Ruta ya pili inawaka, intaneti haipiti

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Sebuleni nina ruta ya faiba. Chumba cha nyuma mtandao haufiki, kuna kuta mbili za tofali za saruji katikati. Nimenunua ruta nyingine na kuvuta waya wa mita 20 kutoka sebuleni hadi tundu lake la WAN (la kupokea intaneti). Simu inashika Wi-Fi lakini inaandika "hakuna intaneti". Nimeuziwa mbovu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Huenda ni nzima kabisa. Angalia vibandiko chini ya ruta zote mbili: anwani za ruta zikiwa zote ni 192.168.1.1, ugomvi uko hapo. Ruta mpya inapokea anwani za 192.168.1 upande wa WAN, na yenyewe inagawa hizohizo kwa simu. Haijui data ipitie mlango upi. Baadhi ya ruta hugundua mgongano huu na kujibadilisha. Yako inaelekea haimo.

Chomoa waya wa sebuleni. Unganisha kompyuta kwenye tundu la LAN (la vifaa vya nyumbani) la ruta mpya, fungua kivinjari, andika 192.168.1.1 na uingie. Wi-Fi ipe jina na neno la siri lilelile la sebuleni, usalama WPA2 (aina ya ulinzi wa Wi-Fi), ili simu ihame yenyewe ukitembea. Kwenye masafa ya 2.4 GHz, sebuleni weka chaneli 1, chumbani 6 au 11. Kisha badili anwani ya LAN iwe 192.168.1.2, ukurasa utakatika, ingia upya kwa anwani hiyo. DHCP, yaani huduma inayogawa anwani kwa vifaa, izime mwisho kabisa, ili ugawaji ubaki kwa ruta ya sebuleni. Ukiizima mapema, kompyuta inaweza kukosa anwani ukafungiwa nje, na dawa yake ni kubonyeza kitufe cha riseti na kuanza upya.

Kwenye ruta ya sebuleni, DHCP ianze kugawa kuanzia 192.168.1.10, isije ikakipa kifaa kingine 192.168.1.2.

Sasa rudisha waya, LAN kwa LAN. Tundu la WAN la ruta mpya libaki tupu. Wengi hukosea hapa, kwa sababu rangi yake tofauti inavutia.

Mita 20 si tatizo, waya wa mtandao wa aina ya Cat5e hufika 100. Ila kama umelipia zaidi ya Mbps 100 na chumbani hazivuki hapo, kagua vichwa vya waya: gigabiti (Mbps 1000) hutaka nyaya zote 8 za ndani, Mbps 100 hutosheka na 4. Au matundu ya ruta yenyewe ni ya 100, na hapo waya hauna kosa. Waya wa alumini uliopakwa shaba tusingeununua, hata uwe rahisi vipi.

SWALI: Kamera ya getini inagoma kuunganishwa, simu hazina shida.
Msomaji, Kisumu

JIBU: Kamera nyingi za bei nafuu husikia 2.4 GHz pekee. Zima 5 GHz kwenye ruta, unganisha kamera, kisha iwashe tena. Ikigoma bado, tazama usalama: ukiwa WPA3 (aina mpya zaidi ya WPA2) pekee, rudisha WPA2.