Kodi ya C ikubalike na kompaila ya zamani na ya sasa

Faili lililokompailiwa bila onyo kwenye kompyuta kuukuu ya maabara hapa Kigoma linaweza kukataliwa na kompaila ya GCC, toleo la 14 au 15. Kompaila haina ubovu. Usipoitajia kiwango cha lugha, inajichagulia, na chaguo hilo hubadilika. Hadi GCC 4.9 lilikuwa gnu89 (C ya 1989 pamoja na nyongeza za GNU), toleo la 5 likaleta gnu11, la 8 gnu17, la 15 gnu23. Kwa hiyo weka `-std=c99` (kiwango cha C cha 1999) kwenye Makefile, faili la maagizo ya kujenga programu.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Ukiwa na `-std=c99` kwenye Linux, `strdup`, kitendakazi cha kunakili maandishi, hufichwa mpaka uandike `#define _POSIX_C_SOURCE 200809L` mara moja, juu kabla ya `#include` zote. Usipoandika, GCC ya zamani hutoa onyo tu na kudhani `strdup` inarudisha `int` ya biti 32. Pointa ya biti 64 hukatwa nusu, na programu huanguka mbali kabisa na mstari wenye kosa. GCC 14 hukataa papo hapo, na inafanya vyema.

`typedef int bool;` inakufa kwenye C23, kiwango kipya kilicho ndani ya gnu23, kwani `bool` sasa ni neno la lugha yenyewe; tumia `<stdbool.h>`. Andika `int soma(void)`, si `int soma()`. Kigeu cha pamoja kiwe `extern` kwenye heda, kisha kifafanuliwe kwenye faili moja tu la .c, la sivyo tangu GCC 10 linka (programu inayounganisha faili zilizokompailiwa) italalamika.

Programu ya kusoma uzito wa dagaa pale Kibirizi ikihamishwa kutoka Intel kwenda Raspberry Pi, tazama `char c = getchar()`. Kwenye Linux ya ARM `char` haina hasi: EOF, alama ya mwisho wa data ambayo ni -1, inakuwa 255, kitanzi hakiishi. Weka `int c`. `long` nayo ni baiti 8 kwenye Linux ya biti 64 lakini 4 kwenye Windows. Chukua `int64_t`, uichapishe kwa `PRId64` ya `<inttypes.h>`.

Huna bando la kupakua GCC mpya? Kuanzia toleo la 5, geuza maonyo haya kuwa makosa kwa kuongeza `-Werror=implicit-function-declaration -Werror=int-conversion -Werror=incompatible-pointer-types`; utapata sehemu kubwa ya ukali wa GCC 14. `-Werror` tupu, inayogeuza kila onyo kuwa kosa, usiiache kwenye Makefile unayogawia watu: kila toleo huja na maonyo yake, na onyo moja jipya litamzuia mwenzako kujenga kodi isiyo na kosa.