Kushoto na kulia: hesabu ya kupata jozi

Wadogo zangu mnaoingia kidato cha tano na PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), swali la jozi litawajia mapema. Mimi lilinikaa kichwani sokoni Mwanjelwa, nikimsaidia mama kupanga raba za mtumba likizo ya Juni, baridi ya Mbeya imetukaza vidole.

Kulikuwa na jozi tano, kamba zimekatika. Za kushoto tukaweka beseni moja, za kulia jingine. Ukifumba macho ukatoa moja huku na moja kule, uwezekano wa kupata jozi ni upi? Darasani nilikuwa nimeandika 1/5 mara 1/5, yaani 1/25, mwalimu akanikosesha. Kumbe 1/25 ni ya jozi moja uliyoitaja, tuseme ile nyeupe yenye mstari wa bluu. Swali halikutaja rangi. Jozi ziko tano, basi ni 5/25, yaani 1/5. Kwa mkato: cha kushoto kiwe chochote, kazi yote iko kwa cha kulia, na mwenzake ni mmoja tu kati ya vitano.

Sasa mwaga mabeseni yote kwenye turubai moja, utoe viwili. Cha kwanza kiwe chochote; vimebaki tisa, mwenzake mmoja. 1/9! Viatu ni vilevile, ila sasa unaweza kuondoka na vya kushoto vitupu. Kwa hiyo msikimbilie kanuni kabla hamjajua mkono unaingia wapi.

Linalotesa wengi ni hili: toa viwili kushoto, viwili kulia, upate angalau jozi moja. Utashawishika kusema kila cha kushoto kina 2/5 ya kukutana na mwenzake, ujumlishe upate 4/5. Hapo umehesabu mara mbili ile hali ya vyote viwili kupata wenzao. Mimi huanzia upande wa kukosa. Ukishashika viwili vya kushoto, vya kulia visivyo wenzao ni vitatu. Kuchagua viwili kati ya vitatu kuna namna 3. Kati ya vitano, namna 10. Kukosa ni 3/10, kupata ni 7/10. Jozi mbili kwa mpigo ni 1/10. Itoe kwenye ile 4/5, unaangukia 7/10 ileile. Inapendeza sana njia mbili zikikutana hivyo.

Usiku mmoja bwenini, andikeni A hadi E kwenye vikaratasi, seti mbili, mchote viwiliviwili kutoka kila seti, mara 50. Mkipata jozi mara 33 au 38 badala ya 35, msishtuke. Mkipata 15, angalieni mnavyochanganya.