Kwa wewe unayetaka kuandika tasnifu ya MOND

Juzi kuna mdogo wangu kanitumia meseji: "Kaka, msimamizi anasema nikiandika tasnifu juu ya MOND najimaliza, we ulitokaje?" Nimekaa nayo siku mbili, maana imegusa palepale penye kidonda.

MOND ni nadharia inayobadilisha sheria ya Newton ya mvutano, ile nguvu inayovutisha vitu kwa uzito wao, badala ya kudai kuna kitu kisichoonekana. Mimi hii nadharia niliipendea grafu moja. Nilishusha data za galaksi NGC 3198 nikachora kasi ya gesi kuanzia katikati kwenda nje, kwa hesabu za Newton kasi ilitakiwa ishuke ukishaziacha nyota nyuma, lakini wapi, mstari umelala kwenye kilomita kama 150 kwa sekunde mpaka data zinaisha. Wengi wanasema kuna maada nyeusi, yaani maada yenye uzito lakini isiyoonekana, imeizunguka galaksi. Mordehai Milgrom mwaka 1983 akaja na wazo lake, kwamba mchapuko (jinsi kasi inavyobadilika kwa kila sekunde) ukishuka chini ya mita 0.00000000012 hivi kwa sekunde mraba, mvutano wenyewe unabadilika tabia. Nikaingiza namba hiyo, nikaweka uzito wa nyota na gesi tu, mstari ukapita karibu kabisa na vidoti. Usiku ule sikulala.

Basi nikapanda kwenye semina najiamini. Slaidi ya nne tu mwalimu mmoja akauliza, "Na Bullet Cluster je?" Jina nilikuwa nalijua, habari yenyewe sikuwa naijua. Ni makundi mawili ya galaksi yaliyopitana, gesi ya moto yenye sehemu kubwa ya maada ya kawaida ikagongana ikabaki nyuma, halafu vipimo vya mwaka 2006 vya jinsi mwanga unavyopindwa vikaonyesha uzito mwingi umekwenda na galaksi, sio na gesi, kama vile kuna maada isiyoonekana kweli. Nikababaika. Watu wakacheka, na kile kicheko nakisikia mpaka leo.

Kwa hiyo mdogo wangu, anza na kinachoiumiza nadharia yako. Hata ukitumia MOND, makundi ya galaksi bado yanapungukiwa uzito karibu mara mbili, liandike hilo sura ya kwanza kabisa kwa mkono wako. Andika na la Agosti 2017, mawimbi ya mvutano na mwanga wa gama kutoka tukio moja vilisafiri miaka kama milioni 130 vikafika vimepishana sekunde 1.7, na nadharia kadhaa za mvutano zilizotaka vipishane kasi zikafia hapo. Usimfiche msimamizi kitu. Narudia, usifiche, soma hoja za wapinzani kabla hujasoma za wenzako.

Mimi siku ya kutetea swali lilikuja lilelile, nikawaambia wafungue sura ya kwanza, na safari hii ukumbi ulikuwa kimya. Ukimaliza yako nitumie, nitaisoma yote.