Ami yangu, eksirei ya kompyuta, na huu mshipa

Umeuliza kama kuna mtu angekubali picha ya kifua ya mzazi wake isomwe na kompyuta. Mimi nishakubali, sema si kwa kupenda.

Ami yangu akaa Likoni, Mombasa, zamani alikuwa kuli bandarini. Alikohoa wiki tano asema ni vumbi tu. Mtaani kukaja kambi ya kupima bure, nikambeba kwa tuktuk, akapigwa eksirei na kabla hata hajavaa shati kompyuta ishatoa alama, ni 0 mpaka 100, yake 78. Nikamuuliza daktari, wewe mwenyewe umeiangalia hii picha kweli? Hakukasirika. Akanionyesha pale palipopakwa rangi kwenye pafu, akanambia hii namba haisemi ana TB, yasema tu huyu asiende nyumbani bila kutoa makohozi. Makohozi yakapimwa kwa GeneXpert, mashine ya kutafuta vijidudu vya TB, ikatoka TB kweli. Dawa miezi sita, za bure. Baadaye ndo nkajua WHO, shirika la afya duniani, walizipendekeza programu hizi za kusoma eksirei tangu 2021, kwa wa miaka 15 kwenda juu, manake wataalamu wa kusoma eksirei ni wachache na foleni ni ndefu.

Sasa taabu ikaanzia hapo. Mzee alivyopona akaiamini kompyuta kuliko sisi wote, nami mjinga nkamwekea AI kwa simu, ile programu ya kuuliza ikakujibu. Siku moja akaiandikia, bila kutwambia, "nna mshipa wanisumbua nikiinua kitu kizito". Huku pwani hata mtoto ajua huyo asema ngiri, ule ugonjwa wa utumbo kusukuma nje. Simu ikamjibu mambo ya mishipa ya damu, ati ajinyooshe, akandwe na maji moto, anywe maji kwa wingi. Kiswahili sanifu kabisa, chapendeza! Mzee akafuata yote, siku kumi, mpaka usiku ngiri ikakaza, atapika, twavuka feri naye ameshika tumbo, alfajiri akapasuliwa.

Yuko salama alhamdulillah, yuko barazani na dhumna zake. Simu ailaumu, mimi najilaumu mimi.

Kwa hiyo mzee wako mpeleke hiyo eksirei, usiogope. Ila kabla hamjatoka uliza makohozi yapimwa wapi na majibu yatoka lini, na nani atakupigia simu. Wakikosa jibu la hapo, hiyo alama ya kompyuta haitamfaa kitu.